Mistari Ishirini na Mmoja

Kitendawili! Kama uko tayari, kitegue hiki: Nilimpakata akiwa uji, nikamshikilia mpaka akawa jiwe; alipokuwa jiwe akasimama mwenyewe, nami nikatupwa nje. Fikiri taratibu. Usikimbilie kusema mama na mtoto, maana mtoto hawi jiwe, ingawa wapo wanaokaribia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekaa, nimekula, nimeshiba, sasa sikiliza: ni mbao na nguzo za fundi mwashi, zile zinazoshikilia zege likiwa bichi. Na hadithi hii ni ya fundi mmoja aliyemtupa mlezi nje kabla mtoto hajawa jiwe.

Fundi huyo walimwita Timazi, kama kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelewa. Jina alilipata ujanani, kwa kuwa kuta zake hazikuyumba, likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo, isipokuwa akiwa na hasira. Hapo alimwita "wewe".

Kanisa lao lilimpa kazi ya kujenga darasa la watoto huko nyuma ya uwanja, ndani ya uzio wa mabati ambako hakuna aliyepita ila yeye na vibarua wake wawili. Mbele ya darasa palikuwa na kibaraza chenye paa la zege. Zege la namna hiyo halitaki haraka. Likishamwagwa, nguzo zikae chini yake siku ishirini na moja, na kila siku linyweshwe maji kama mche. Timazi alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wengine waliicheka: kila siku akishalimwagia maji, anachora mstari mmoja wa mkaa ukutani. Mistari ikifika ishirini na mmoja, nguzo zinatoka. Wateja waliipenda desturi hiyo, maana hata asiyejua kusoma angeweza kuja kuhesabu.

Sasa katikati ya kazi hiyo, mtu mmoja anayejenga ghorofa upande wa pili wa mji akampigia simu. "Fundi, usipoanza Jumatatu namwita mwingine." Nguzo na mbao Timazi alikuwa nazo seti moja tu, na seti hiyo ilikuwa imesimama chini ya kibaraza cha kanisa. Akaenda akaligonga zege kwa nyundo, akatega sikio. Likalia vizuri, kama kengele. Miaka ishirini na sita ya kazi ikamwambia limeiva. Akaenda jikoni kwa mkewe akaomba kipande cha mkaa, akarudi akachora mistari yote iliyobaki alasiri ile ile, huku akibadilisha mkono ili isifanane: huu mnene, huu mwembamba, huu umepinda kidogo. Nguzo zikatoka.

Mzee wa Kanisa aliyesimamia ujenzi alikuwa safarini kumuuguza kaka yake. Aliporudi hakuuliza tarehe. Alihesabu mistari kwa kidole, akaikuta imetimia, akamshukuru Mungu na fundi.

Jumamosi iliyofuata asubuhi, mfagiaji wa kanisa aliingia kufagia kibarazani ili Jumapili watoto wapate pa kukaa. Paa likashuka. Lilimkosa kichwa likampata mguu wa kushoto, ukavunjika mara mbili. Kama ingekuwa kesho yake, wangekuwa watoto.

Watu walikuja wakatazama kifusi, kisha wakatazama ukuta. Ukuta ulikuwa bado umesimama, na mistari iko juu yake, ishirini na mmoja, hakuna hata mmoja uliofutika.

"Fundi alisubiri," wakasema. "Basi ni saruji."

Lawama ikavuka barabara, ikaingia katika duka la vifaa vya ujenzi la mjane mmoja aliyeiuza saruji hiyo, waliyemwita Mama Saruji.

*

Wiki mbili zikapita, Timazi akiwa hatoki, hata kwenye lile ghorofa haendi. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo, na katika vyumba hivyo viwili aliishi yeye, mkewe, mama yake mzazi na binti yao wa miaka tisa. Vifaa vyake vya kazi vilisimama nyuma ya mlango wa chumba cha mbele: mwiko, nyundo, pima maji, ndoo yenye zege lililokauka mdomoni. Kila mlango ulipofunguliwa vilianguka, na kila vilipoanguka yeye alishtuka kama mtu aliyeitwa jina.

Laiti watu wangemtukana, angejua pa kukaa. Lakini watu walimpa pole.

"Pole sana, fundi," alisema jirani, akiegemea dirisha bila kualikwa. "Umeharibiwa jina na saruji ya kuganda. Yule mama mimi nilikuwa sina imani naye tangu zamani. Mifuko yake anaipanga chini, haweki hata ubao."

"Anaweka," Timazi akasema.

"Eh?"

"Anaweka ubao chini ya mifuko. Nimeona."

"Basi unaona ulivyo na moyo! Mtu kakuponza, bado unamtetea." Na jirani akaenda kuieneza habari hiyo mtaa mzima, kwamba Timazi ni mtu wa Mungu kweli kweli.

Mkewe naye bombani alisogezewa foleni. "Tangulia, mwenzetu, una mitihani." Alirudi na ndoo kichwani, akaitua uani bila kusema neno, na maji yakamwagika nusu.

Jua likianza kutua walikaa kwenye mkeka kwa sala ya familia. Tangu ndoa yao, Timazi ndiye aliyeongoza, kwa sauti yake nzito ya besi ambayo kwaya iliitegemea. Sasa kila siku alikuwa na udhuru. Leo koo, jana kichwa.

"Omba wewe, mwanangu," akamwambia binti.

Mtoto akafumba macho mpaka pua ikakunjamana. "Mungu wetu, tunakushukuru kwa chakula. Umponye mama yangu wa ubatizo mguu." Maana mfagiaji ndiye aliyemsimamia mtoto huyo siku ya kubatizwa. "Na baba umpe saruji nzuri, isiwe mbovu tena. Amina."

"Amina," wakasema wanawake wawili.

Timazi alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu vyake.

*

Mama Saruji alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, mkewe akiwa sokoni. Alikuwa mwanamke mnene wa kifua, mwenye vumbi la kijivu kwenye nyusi ambalo halikuwahi kutoka kabisa hata siku za sikukuu. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni, na vile vifaa vikaanguka.

"Hodi si nimepiga," akasema.

"Karibu, dada. Karibu ndani."

"Nimeshakaribia. Fundi, dukani kwangu tangu Jumatatu ameingia mtu mmoja, naye aliuliza njia. Akina mama wa kanisa wamenitaka nirudishe ufunguo wa sanduku la chama. Sikuiba, lakini nirudishe tu. Na Jumapili baada ya ibada nimeitwa mbele ya wazee nikaeleze saruji yangu. Nitaieleza nini? Itakuja iseme yenyewe?"

Timazi akaokota pima maji, akaliegemeza tena ukutani. Lile tone la hewa ndani yake likakimbilia upande mmoja.

"Mifuko ile niliitoa kwenye lori mwenyewe," mama akaendelea, "na mingine kama hiyo imejenga nyumba tatu mtaa huu, zimesimama. Kwa hiyo nimekuja na swali moja. Zile nguzo ulizitoa siku ya ngapi?"

Nje kuku alikuwa akiparura. Ulisikika kila ukucha.

"Si mistari iko ukutani, dada."

"Mistari nimeiona. Mimi sijauliza mistari, nimekuuliza wewe."

Timazi alimtazama miguuni. Viatu vyake vilikuwa vya marehemu mumewe, vimekazwa kwa kamba ili visivuke. Akasema, "Jumapili wazee wataamua," na sauti yake mwenyewe akaichukia.

Mama Saruji alimkazia macho muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka ishirini na moja, kama angependa. Halafu akafunga kanga yake vizuri. "Haya. Swali langu naliacha hapa hapa kwako. Utanijibu ukiweza."

Akaondoka, na swali likabaki. Lilikaa kwenye kile kiti alichokataa.

*

"Alikuja kufanya nini?" mkewe akauliza, akiwa hajatua hata kapu.

"Kuuliza."

"Ukamjibu nini wewe?"

Alipoisikia hiyo "wewe", Timazi akajua. Wakatoka mpaka uani nyuma ya kamba ya nguo, ambako waligombana siku zote ili mtoto asisikie, na ambako mtoto alisikia siku zote.

"Unafikiri mimi sijui kuhesabu?" mkewe akanong'ona kati ya mashuka mawili. "Siku uliyomwaga lile zege ndiyo siku mtoto alipong'oka jino. Ulirudi vidole vimechubuka, ukashindwa hata kulishika. Siku uliyoniomba mkaa, jino jipya lilikuwa halijachomoza hata ncha. Nimejua kabla paa halijaanguka. Nikanyamaza. Kwa hiyo hata mimi nimemvunja yule mama mguu, kama unataka kujua."

"Basi Jumapili nitasema."

"Ukiisha kusema?" Akamshika mkono wa shati, ukakunjika. "Nani atakupa kazi tena? Nani atakuita ujenge hata choo? Watoto wa watu wangekuwa pale chini! Watasema hivyo, na hawatakosea. Mwanao atakuwa mtoto wa yule fundi. Mimi nitapita wapi na ndoo yangu?"

"Na nisiposema?"

Mkewe alitoa vibanio vya nguo kimoja kimoja, akavitia mdomoni kama afanyavyo kila siku, ndiyo maana hakuweza kusema zaidi. Machozi yakawa yanapita kando ya vile vibanio.

Timazi alisimama katikati ya mashuka, hana upande wa kwenda. Akisema anaivunja nyumba yake, na akinyamaza inavunjika ya mwingine. Alijaribu kuomba hapo hapo, akajiona kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoiibia.

*

Ijumaa alasiri alijikokota mpaka kwa mfagiaji, bakuli la uji mkononi ili awe na sababu. Alimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta nyeupe, umeinuliwa juu ya mto.

"Oooh, Timazi!" mwanamke akapiga makofi. "Nikasema fundi ananikimbia mimi, au anaukimbia mguu? Hebu tazama kazi ya wenzio. Wamenipiga lipu vizuri, au siyo? Wamesahau rangi tu."

Timazi akacheka, kisha akautazama mguu.

"Kaa. Usisimame kama shahidi. Mimi sijambo. Daktari anasema nitachechemea, nikamwambia kwani nani ataniona, mimi natembea nikiwa nimeinama na ufagio." Akapokea bakuli, akanywa, akafuta midomo. "Lakini nimefurahi umekuja, maana nina ujumbe na sina wa kumtuma. Huyu Mama Saruji. Mwanzoni nilimchukia, nisikufiche. Nilikuwa nikisikia maumivu namtaja yeye. Sasa nimeomba siku tisa, na leo asubuhi nimeamka moyo umekuwa mwepesi. Nimemsamehe. Nenda dukani kwake ukamwambie, amesamehewa kabisa, asijitese."

Timazi akashika ukingo wa kitanda.

"Utamwambia?"

"Mimi..."

"Mbona umekuwa kama majivu? Fundi! Nimesema jambo baya?"

"Hapana, mama. Umesema jambo zuri."

Alitoka na msamaha mkononi ambao haukuandikwa jina lake. Alifika mpaka mbele ya duka. Mama Saruji alikuwa ndani peke yake, ameketi juu ya mfuko, anapanga misumari kwa ukubwa, nayo ilikuwa tayari imepangwa. Timazi akapita. Kwenye kona akageuka, akapita tena. Mara ya tatu mama akainua kichwa, naye akainamisha chake, akaenda nyumbani.

*

Jumamosi mama yake alimkuta ameketi kizingitini, anakwangua ile ndoo kwa kisu. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na minane, meno manne, na vitendawili visivyo na idadi. Akajishusha kando yake kwa hatua, magoti yakilia.

"Kitendawili," akasema.

"Mama, leo siwezi."

"Kitendawili, nimesema."

"Tega."

"Nilimpakata akiwa uji, nikamshikilia mpaka akawa jiwe. Akasimama mwenyewe, nami nikatupwa nje."

Timazi akaacha kukwangua. "Mama, hicho nilikutungia mimi. Nikiwa kibarua, mwaka wangu wa kwanza."

"Ndiyo. Nimekirudisha kwa mwenyewe." Bibi akanyoosha miguu juani. "Mimi sikuulizi kitu, mwanangu. Mkaa wa jiko lile nauchagua mimi, kipande kikipungua najua. Aliyekuuliza yupo, na si mimi. Mimi nakuambia la kwangu tu. Ujanani nilijiona jiwe. Nikamwambia Mungu, toa nguzo zako, nimeshakauka. Baba yako alipokufa niligongwa kidogo tu, nikasikia ninavyolia ndani: bichi kabisa. Na mpaka leo ni mbichi. Kila asubuhi kabla sijashusha mguu kitandani naomba, kama mtu anayepapasa chini yake gizani, nione kama bado nimeshikiliwa. Hajanitupa hata siku moja."

"Wewe hukuvunja mtu mguu, mama."

"Wewe ulitoa nguzo zako mapema. Nani amekuambia na Yeye ametoa zake?"

Kisu kilikuwa kimesimama ndani ya ndoo.

"Sasa ninyanyue," bibi akasema. "Nimekaa vibaya, na nikikaa zaidi mtanijengea hapa hapa."

Alipomwingiza mama yake ndani, alifunga mlango wa chumba cha mbele, vifaa vikaanguka, akaviacha vilivyoanguka. Akapiga magoti kati ya mwiko na nyundo. Alitafuta zile sala zake ndefu za zamani, zenye kupanda na kushuka, hakuipata hata moja. Ikatoka hii tu: "Bwana, ni mimi."

Sala ya maneno matatu, fupi kuliko ya chakula. Hofu haikuondoka. Ghorofa la watu lilikuwa palepale, na choo ambacho hatapewa kujenga, na ndoo ya mkewe bombani. Ila aliinuka akasimama wima, akashangaa, maana alijitegemeza kwa nguvu ambazo alijua si zake.

*

Jumapili baada ya ibada wazee waliketi katika chumba cha nyuma, pamoja na mchungaji, viti vimepangwa ukutani pande tatu. Upande wa nne aliketi Mama Saruji peke yake. Kando yake kulikuwa na viti viwili vitupu, na akina mama waliokosa nafasi waliona afadhali kusimama.

Mzee wa Kanisa akavaa miwani. "Dada yetu, hatukuja kukuhukumu. Tunataka ukiri tu, ili mambo yaishe kwa amani. Saruji ilikuwa na kasoro?"

"Haikuwa."

"Kidogo tu? Labda bila wewe kujua?"

"Mzee, ukitaka niseme uongo kanisani, niandikie, nitausoma."

Kukatokea mguno. Mtu akasema, "Hana hata haya." Mzee akainua mkono. "Basi tumsikie fundi. Fundi, simama. Wewe huna shida, hapa ni kuthibitisha tu. Mistari tuliiona wote."

Timazi akasimama. Alikuwa amevaa shati ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi bila kumtazama, akalitundika mlangoni, akasema anaumwa, hatakwenda. Sasa alitazama zile nyuso, na zote zilikuwa nyuso za pole. Kuzivunja nyuso za namna hiyo kulimtisha kuliko kuvunja ukuta.

Mlango ukafunguka. Mkewe aliingia, amemshika bibi mkono, kitambaa cha kichwani kimefungwa haraka, upande. Hakumtazama mumewe. Alipita mbele ya wazee wote, akamkalisha bibi kwenye kiti kimoja kitupu, naye akaketi kwenye kile kingine, bega kwa bega na Mama Saruji. Kisha ndipo akainua macho. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kidogo, kama mtu anayemwambia fundi: mwaga.

"Endelea, fundi," akasema Mzee.

"Mistari niliichora mimi," Timazi akasema.

"Tunajua. Ni desturi yako."

"Mingine niliichora alasiri moja. Yote kwa pamoja."

Miwani ya Mzee ilishuka puani. Chumba kikaanza kuchemka kutoka nyuma, na mtu mmoja akapaza sauti, "Watoto wangekuwa pale!" Timazi akaipokea sauti hiyo kifuani, haikumwangusha. Hakumgeukia aliyesema, wala wazee, wala mchungaji. Alivuka ule uwazi mpaka mbele ya viti vitatu, akasimama wima.

"Dada," akasema, "uliniuliza Alhamisi."

Mama Saruji aliweka mikono yake ya kijivu magotini. "Nilikuuliza."

"Niulize tena. Nimeshindwa kulibeba."

Mjane akamtazama kwa muda mrefu, bila upole na bila ukali, kama mtu anayetazama ukuta aone umesimama vipi.

"Zile nguzo," akasema, "ulizitoa siku ya ngapi?"

"Siku ya kumi na tatu."